Chujio letu limezidiwa: waongeze dawa, au wachimbe tangi?

"Shikamoo mhandisi. Tunakaa upande wa juu wa jiji la Arusha, na maji yetu yanatoka kwenye chujio la zamani linalochukua maji ya mto. Masika ilipoanza maji yalikuja rangi ya chai ya maziwa siku nne mfululizo, kisha yakawa meupe lakini yananuka dawa. Nilipohamia mtaa huu tulikuwa nyumba kumi na mbili, leo sijui hata idadi. Tumeambiwa chujio litaboreshwa, na mimi kama katibu wa kamati ya mtaa nimetakiwa nipeleke maoni ya wananchi. Wengine wanasema waongeze tu dawa, wengine wanasema tangi la kutuamisha lichimbwe liende chini zaidi. Halafu mwanangu wa miaka tisa meno ya mbele yana rangi ya kahawia, na mimi nachemsha maji kila siku bila kukosa. Ana mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Chujio likiboreshwa huyu mdogo atapona? Na kwa sasa ninunue mashine ya kuchujia nyumbani?"

Marahaba, mama. Umeleta mambo mawili yaliyofungwa kwenye kanga moja, na kazi yangu ya kwanza ni kuyafungua. Tope na harufu ni jambo la chujio. Meno ya mwanao ni jambo la mwamba wa Mlima Meru, na chujio la kawaida la mto, hata likijengwa upya lote, karibu haliligusi. Mkiyachanganya haya kikaoni mtajengewa kitu kizuri, halafu baada ya miaka mitano mtaulizana mbona meno bado.

Nianze na tope. Hao wanaosema dawa iongezwe huenda hawajui kwamba kwenye chujio kuna dawa mbili, na kazi zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni shabu, ile ile ambayo bibi zetu walikuwa wanatumbukiza kwenye mtungi. Chembe za udongo wa mtoni ni ndogo mno na zote zimebeba chaji ya aina moja, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zinaelea siku nzima. Shabu inavunja ule msukumano, chembe zinashikana na kuwa vibonge laini kama mabaki ya ugali kwenye maji ya kuloweka sufuria, na vibonge vina uzito wa kushuka. Dawa ya pili ni klorini, ambayo haina habari na tope. Yenyewe inaua vijidudu, na inawekwa mwishoni maji yakishakuwa safi.

Shabu ina kipimo chake, na kipimo kinabadilika na mto. Namna ya kukijua ni ya zamani na ni rahisi: unachota maji ya mto, unayagawa kwenye glasi sita, unaweka shabu miligramu 10 kwa lita kwenye ya kwanza, 20 kwenye ya pili, mpaka 60. Unakoroga kwa nguvu dakika moja, kisha polepole kama robo saa, kisha unaacha. Baada ya nusu saa unaangalia kwa macho yako. Tuseme maji ya glasi ya 30 ni maangavu kabisa, vibonge vyote viko chini. Mtu angetegemea ya 60 iwe safi zaidi, lakini mara nyingi ina mawingu mepesi yasiyotua. Ziada ile inakwenda kuziba mchanga wa mchujo, na nyingine inabaki kwenye maji mnayokunywa. Kwa hiyo swali la kumuuliza msimamizi wa chujio si kama wanaweka dawa ya kutosha. Muulize mvua ikinyesha usiku mlimani, jaribio la glasi linafanywa saa ngapi na nani yuko zamu. Nimewahi kutembelea chujio moja, sitalitaja, ambapo dozi ya shabu iliandikwa kwa chaki ukutani na ilikuwa haijafutwa tangu msimu uliopita. Mto ulikuwa umebadilika mara kumi.

Sasa tangi. Hapa ndipo watu wenye akili timamu wanapokosea, hata mafundi, kwa sababu jambo lenyewe linaonekana wazi: watu wameongezeka, maji yameongezeka, basi tangi liwe kubwa, na kwa kuwa kiwanja hakipo tuchimbe chini. Fikiria tangi lenye eneo la mita za mraba 200 na kina cha mita 3. Linabeba mita za ujazo 600, yaani uniti 600 kwa lugha ya bili yako. Likipitisha uniti 200 kwa saa, maji yanakaa humo saa tatu. Tuseme vibonge vyenu vinashuka mita moja kwa saa; katika saa tatu vinashuka mita tatu, vinagusa sakafu, kazi imeisha. Mji ukakua, mkapitisha uniti 400 kwa saa. Maji sasa yanakaa saa moja na nusu, kibonge kilichoanzia juu kimeshuka mita moja na nusu tu na kinatoka na maji kuelekea kwenye mchujo.

Chimba basi, tangi liwe na kina cha mita 6. Maji yatakaa tena saa tatu, sawa, lakini na safari ya kibonge sasa ni mita sita. Katika saa tatu kitashuka mita tatu. Umelipia zege na mchimbaji, na kibonge bado kiko katikati. Kinachotuamisha tope ni eneo la sakafu. Kina hakiongezi kitu. Ndiyo maana kwenye machujio yaliyobanwa na nyumba pande zote wahandisi hupanga vibao vyembamba vilivyolala kwa mshazari, karibu nyuzi 60, kimoja juu ya kingine ndani ya tangi lile lile. Kila kibao ni sakafu ndogo. Kibonge hakihitaji kushuka mita tatu tena, kinashuka sentimita chache, kinagusa kibao, kinateleza chini. Kazi hiyo huongeza uwezo wa tangi maradufu au zaidi bila kuongeza hatua moja ya ardhi. Kasoro yake ni usafi: tope lisipotolewa kwa ratiba, vibao vinaziba na kulemewa, na baada ya muda mnajuta.

Baada ya tangi kuna mchanga, na kwangu mimi hapa ndipo penye siri ya siku zenu nne za chai ya maziwa. Mchujo wa mchanga haufanyi kazi kama chekecheo la unga. Nafasi kati ya punje ni kubwa kuliko chembe za tope; chembe hunasa kwa kugusana na punje, na hunasa vizuri pale tu shabu imefanya kazi yake. Mchanga ukijaa unaoshwa kwa kusukuma maji kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu ya kutosha kuuinua na kuusugua. Sasa, mji ukikua maji ya kuoshea ndiyo ya kwanza kufanyiwa uchoyo, maana ni maji safi "yanayomwagwa" wakati wananchi wanalia. Wanaosha kwa dakika chache, wanaosha kwa nguvu ndogo. Kwenye chujio lile lile la chaki ukutani niliomba ruhusa, nikakunja shati, nikaingiza mkono kwenye mchanga hadi kiwiko. Nilitoa madonge ya tope yaliyoshikana na mchanga, magumu, makubwa kama malimau. Mchanga ule ulikuwa umegeuka kokoto za udongo. Maji yalikuwa yanapita kwenye nyufa kati ya madonge bila kuchujwa. Hakuna shabu ya kutibu hali hiyo. Mchanga unatolewa, unaoshwa au unabadilishwa, pampu ya kuoshea inarekebishwa. Ni kazi ya majembe zaidi kuliko ya mabilioni.

Ile harufu ya dawa iliyokuja siku ya tano ina maelezo yake. Klorini inakula kila inachokikuta kabla haijafika kwa vijidudu: tope, majani yaliyooza, mbolea iliyochukuliwa na mvua. Ikikutana na amonia ya mbolea au ya vinyesi inatengeneza aina za klorini zenye harufu kali zaidi kuliko klorini yenyewe. Kwa hiyo maji yanayonuka sana wakati mwingine ni maji yaliyokuwa machafu yakatiwa dawa kwa haraka, na si lazima yawe yamezidishiwa. Kinachotakiwa ni klorini iguse maji safi kwa angalau nusu saa, na ibaki kama miligramu 0.5 kwa lita baada ya hapo, isishuke chini ya 0.2 inapofika bombani kwako. Maji yetu ya Meru yana magadi ya asili, pH yake, yaani kile kipimo cha asidi na magadi, huwa juu, na katika pH ya juu klorini ni mvivu. Hiyo nusu saa si ya kubahatisha, na mji ukikua nusu saa hiyo ndiyo inayoliwa, kwa sababu tangi la mwisho linakombwa maji kabla hayajakaa.

Mama, ukinielewa hapa umeelewa kazi yote: chujio linauza muda. Shabu inahitaji dakika zake, kibonge saa zake, klorini nusu saa yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 416,000 katika jiji la Arusha, ya 2022 ikahesabu zaidi ya 617,000. Chujio lililopangwa kwa wale wa zamani likilazimishwa kunywesha wa sasa linawapunguzia wote muda.

Kabla hamjalaumu chujio lakini, hakikisheni tope si la bomba. Maji yakikatwa kwa mgao, bomba linabaki tupu na linanyonya maji ya udongoni kupitia kila ufa. Maji yakirudi yanasukuma uchafu ule wote kwenye nyumba za kwanza. Chukua chupa mbili za lita moja na nusu zinazoonyesha ndani. Moja jaza maji yanapoanza kutoka, nyingine baada ya saa moja, uziache usiku kucha bila kutikisa. Yakiwa na weupe kama wa maziwa unaotoweka kuanzia chini kwenda juu ndani ya dakika chache, huo ni upepo tu. Chembe nyekundu zilizotua chini ni kutu ya mabomba. Tope laini la rangi ya mto katika chupa zote mbili, hilo limepita kwenye chujio. Na likiwa kwenye chupa ya kwanza pekee, mnahitaji fundi wa mabomba. Mji unaovuja ukiongezewa maji unavuja zaidi, kwa hiyo msione haya kuuliza upotevu wa maji ni kiasi gani kabla ya kuomba chujio jipya.

Nikiwa mimi ndiye mwenye fedha ningeanza na mchanga na zamu ya jaribio la glasi, kisha vibao, kisha tangi la kokoto pale kwenye banio, yaani pale maji yanapochukuliwa mtoni, ili mawe na udongo mzito vibaki huko huko. Ningejenga pia akiba ya maji safi ya kutosha kufunga banio kwa saa kadhaa mafuriko yanapopita, maana wimbi baya kabisa la tope mara nyingi ni la saa chache tu. Chujio jipya kabisa lingekuja mwisho. Wanasiasa hawapendi mpangilio huu kwa sababu mchanga uliooshwa hauna utepe wa kukata.

Haya, meno. Kinachoyatia rangi ya kahawia ni floraidi, madini yaliyoyeyuka kwenye maji kama chumvi kwenye mchuzi. Haina kibonge cha kutua. Inatoka kwenye miamba na majivu ya volkano ya Meru. Kwingine kalsiamu ya ardhini huikamata ikawa punje zisizoyeyuka, lakini maji yetu yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, kwa hiyo inabaki majini. Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu: kwa kawaida mto ukiwa umechafuka na mvua floraidi inapungua, maana mvua haina floraidi na inaizimua. Kiangazi, mto ukiwa mwangavu unaona hadi mawe, ndipo inapanda.

Kuchemsha hakuiondoi. Ukichemsha lita tano zenye miligramu 1.5 kwa lita zikabaki nne, sasa una karibu 1.9. Usiache kuchemsha, hasa masika, kwa sababu kuhara kunaua haraka kuliko floraidi. Lakini yakichemka vizuri ipua, usiyaache motoni hadi yapungue. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, baadaye ikashuka hadi 1.5.

Je, kuna mtambo wa kuiondoa? Upo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku huku Arusha, kimefanya utafiti wake kwa miaka mingi kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao unainasa kweli. Kwa kaya au shule ni njia nzuri. Kwa jiji zima hesabu ya mifupa inagoma. Shabu na chokaa kwa wingi huiondoa pia, lakini dozi ni kubwa mno na tope linalobaki ni mlima mwingine. Mitambo ya kusukuma maji kwa presha kupitia utando inaiondoa vizuri, ila inakula umeme na kumwaga sehemu kubwa ya maji yenyewe. Ndiyo maana jibu la miji kama wetu limekuwa kutafuta chanzo kingine na kuchanganya. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, wa takriban shilingi bilioni 520 na mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kupandisha uzalishaji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200, ikiwemo visima vya upande wa Hai, Kilimanjaro. Chanzo chenye floraidi miligramu 3.0 kwa lita kikichanganywa nusu kwa nusu na chenye 0.5 unapata 1.75, bado. Asilimia 70 ya kile kizuri inakupa 1.25. Lakini mchanganyiko unafanyika kwenye tangi. Mtaa unaolishwa na mto moja kwa moja, kama wenu, hauonji hayo maji mazuri mpaka bomba liunganishwe. Hilo ndilo la kudai kikaoni kuhusu meno: muunganisho wa bomba na kipimo cha kila mwezi. Ukidai chujio kubwa zaidi hutapata meno.

Rangi ya meno ya mkubwa wako iliwekwa alipokuwa mdogo sana, jino likiwa bado ndani ya ufizi. Haitokani na kutopiga mswaki, usimgombeze. Daktari wa meno anaweza kusugua tabaka la juu, kung'arisha au kufunika, mpeleke akamwone. Huyu wa mwaka mmoja na nusu ndiye wa kumkimbilia sasa, maana meno yake ya ukubwani yanajengwa hivi leo. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, endelea kama bado unamnyonyesha. Dawa ya meno mpake kiasi cha punje ya mchele, asimeze. Na maji yake ya kunywa na kupikia yawe ya mvua, yakiwa na bati safi, mvua ya kwanza ikimwagwa, na tangi likifunikwa. Familia inayotumia lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupika, kuanzia Juni hadi Oktoba, siku 150, inahitaji lita 3,000. Simtank moja ya ukubwa huo inawatosha hadi vuli.

Halafu nikuulize kitu cha jikoni: makande unapika na magadi? Magadi yetu ya huku yana floraidi, na watafiti wameona watoto wenye meno ya kahawia hata kwenye vijiji vya Kilimanjaro ambako maji hayana shida. Loweka mahindi na maharage usiku, magadi uyaache.

Mashine ya nyumbani, taratibu. Chujio la mshumaa wa udongo linaondoa tope na vijidudu, floraidi linaipitisha. Mkaa wa kawaida vilevile. Na muuzaji akitumbukiza vyuma vya umeme kwenye glasi, maji yakageuka kahawia, ujue ile rangi ni ya vyuma vyake. Ile kalamu ya kidijitali wanayoonyesha inapima chumvi zote kwa ujumla, haijui floraidi. Kabla ya kutoa shilingi, peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, kwenye chupa ya plastiki, na uombe floraidi kwa jina.

Mtoto akiharisha zaidi ya siku moja, au akiharisha na kutapika, usisubiri jibu la maabara, nenda hospitali. Miguu ya mtoto yeyote mtaani ikianza kupinda, apelekwe kwa daktari wa mifupa. Tope likiendelea baada ya taarifa yenu ya maandishi, na mamlaka isijibu, malalamiko ya huduma ya maji yanapokelewa EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Zile chupa mbili uziandike tarehe na saa kwa kalamu isiyofutika, uziweke mezani kikaoni kabla mtu yeyote hajaanza kuongea.